Mwenda Mbio Sharti Ajue Kusimama

Jumapili ya tarehe 23 Agosti, 2020, katika uwanja wa mbio za pikipiki uitwao Red Bull Ring, kwenye vilima vya Spielberg nchini Austria, kijana wa Kihispania Maverick Viñales alijikuta mbele ya uamuzi ambao mtu hapewi nafasi ya kuutafakari. Alikuwa katika mzunguko wa 17. Pikipiki yake ya Yamaha ilikuwa ikienda kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa, na mbele yake ilikuwapo kona ya kwanza, kali, ya kulia. Alibana mkono wa breki kama alivyokwisha kuubana mara nyingi siku ile. Breki haikujibu.

Mbele ya kona kulikuwa na uwanda mfupi wa lami, na nyuma yake ukuta wa mito ya hewa. Viñales aliuachia usukani akajitupa chini. Yeye aliserereka juu ya lami kwa mgongo; pikipiki ikaenda peke yake, ikaupiga ule ukuta, ikaupasua na kuwaka moto. Mashindano yalisimamishwa kwa bendera nyekundu. Kisha yule kijana akainuka, akajipapasa, akatembea kwa miguu yake mwenyewe.

Kijana wangu, ambaye aliiona picha hiyo katika televisheni, aliniuliza swali moja tu: "Baba, pikipiki ya thamani kama ile, yenye mafundi wote wale, inakosaje breki?" Swali hilo, ndugu msomaji, si la mtoto. Ni swali la kila mtu anayepanda chombo chenye magurudumu mawili, awe yuko katika uwanja wa mashindano huko Ulaya au yuko kwenye foleni ya magari akienda kazini asubuhi. Makala haya ni jaribio la kulijibu.

MWENDO HAUPOTEI, HUGEUKA JOTO

Watu wengi hudhani kwamba breki huumaliza mwendo. La hasha. Mwendo haumaliziki, hubadilishwa ukawa kitu kingine, nacho ni joto. Kipande cha breki husuguana na chuma, na ule msuguano ndio unaoila nguvu ya chombo kilichokuwa kikienda. Breki, basi, ni kama jiko. Kila mara unapoibana, unaliwasha.

Tufanye hesabu nyepesi. Pikipiki kubwa pamoja na mpandaji wake hufika uzito wa kilo 270 hivi. Ikiwa inakwenda kilomita 200 kwa saa na mpandaji akaipunguza hadi kilomita 80 ili aingie kona, joto linalozalishwa katika muda wa sekunde tatu au nne linatosha kuchemsha lita moja ya maji ya chai yaliyokuwa ya baridi. Sasa fikiri kwamba katika mzunguko mmoja wa uwanja kuna kona kali tatu au nne za namna hiyo, na kwamba mizunguko ni zaidi ya ishirini. Birika hilo halipati nafasi ya kupoa.

Jambo la pili lililo muhimu ni kwamba joto halipandi sawasawa na mwendo. Ukiuzidisha mwendo mara mbili, joto huzidi mara nne. Ukiuzidisha mara tatu, huzidi mara tisa. Ndiyo maana mtu anayesimama salama kutoka kilomita 50 kwa saa asijidanganye kwamba atahitaji mara mbili tu ya nafasi ile atakapokuwa kilomita 100. Kwenye lami kavu na kwa breki nzima, pikipiki ya kilomita 50 kwa saa huhitaji kama mita 10 ili isimame baada ya breki kushika. Ile ya kilomita 100 huhitaji karibu mita 40. Ongeza na sekunde moja ya macho kuona na mkono kutii, ambayo kwa mwendo wa kwanza ni mita 14 na kwa mwendo wa pili ni mita 28, utaona mwenyewe jinsi nafasi inavyoliwa.

Uwanja wa Red Bull Ring una urefu wa kilomita 4.3, una kona chache, na kati ya kona hizo kuna njia ndefu zilizonyooka. Mpandaji hukimbia sana, hufunga breki sana, kisha hukimbia tena. Ni mojawapo ya viwanja vinavyozitesa breki kuliko vingine. Kampuni iliyotengeneza breki za Viñales ilikuwa imekwisha kuandaa kalipa mpya, iliyobuniwa ili ipoe upesi zaidi, na baadhi ya wenzake waliitumia. Yeye alipendelea kuendelea na ile ya zamani aliyoizoea. Kabla ya ajali aliuhisi mkono wa breki ukilegea, akawaachia wenzake kadhaa wampite, akitumaini kwamba breki itapoa na nguvu itarudi. Haikurudi.

TOKA NGOMA HADI DISKI

Kwa muda wa miongo mingi pikipiki zote, hata zile za mashindano, zilifungwa breki za ngoma. Ndani ya ngoma ya gurudumu mna viatu viwili vya breki ambavyo hutanuka na kugusa ukuta wa ndani. Ni breki rahisi, haiingiwi vumbi kwa urahisi, na fundi wa kawaida huimudu. Lakini joto lake limefungiwa ndani kama chakula ndani ya sufuria yenye kifuniko. Ngoma ikipata moto hutanuka, ikawa kama inavikimbia vile viatu. Mkono wa breki huenda mbali zaidi, na nguvu hupungua wakati ule ule inapotakiwa.

Mwaka 1969 kampuni ya Honda ya Japani ilitoa pikipiki yake maarufu iitwayo CB750, yenye injini ya silinda nne. Gurudumu lake la mbele halikuwa na ngoma bali diski moja ya chuma iliyo wazi, inayobanwa na kalipa kwa nguvu ya mafuta. Pikipiki hiyo ilikuwa ya kwanza kutengenezwa kwa wingi na kuuzwa kwa watu wa kawaida ikiwa na breki ya mbele ya namna hiyo. Nyuma ilibaki ngoma. Faida ya diski ilikuwa dhahiri: inazunguka katika upepo, kwa hiyo inapoa yenyewe, na inapopata moto haivikimbii vipande vinavyoibana.

Hata hivyo haikukosa kasoro. Diski za mwanzoni zilikuwa za chuma kisichopata kutu, na mvua ilipozilowanisha zilichelewa kushika kwa kitambo cha kutisha. Baadaye zilitobolewa matundu, na vipande vya breki vikatengenezwa kwa unga wa metali uliobanwa na kuunguzwa pamoja, hata kasoro hiyo ikapungua sana.

Siku hizi pikipiki za mashindano makubwa ya dunia, yale yaitwayo MotoGP, hutumia diski za kaboni zenye upana wa milimita 320, 340, na katika miaka ya karibuni hata 355. Kaboni ni nyepesi ajabu na hustahimili moto ambao ungeliharibu chuma. Lakini hutaka moto. Ikiwa haijafika takriban nyuzi 250 za Selsiasi haishiki ipasavyo. Kwa sababu hiyo haifai hata kidogo barabarani, ambako mtu hutembea taratibu kisha ghafla mtoto anakatiza njia. Mashindano mengine makubwa ya dunia, ya pikipiki zilizotokana na zile zinazouzwa madukani, hutumia diski za chuma, na wapandaji wake hukaribia kilomita 300 kwa saa au kuzipita. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba chuma kimepitwa na wakati.

MFANYAKAZI NA UWANJA WA JUMAMOSI

Katika nchi nyingi za Ulaya ipo desturi ya kukodisha viwanja vya mbio kwa watu wa kawaida. Huko Uingereza, kwa mfano, viwanja kama Brands Hatch, Donington Park na Cadwell Park huwa na siku ambazo karani, fundi bomba au mwalimu hulipa kiingilio, akaja na pikipiki yake ile ile anayoendea kazini, akaizungusha uwanjani bila magari, bila watoto wa shule na bila mbwa wa kukatiza njia. Si mashindano, wala hapatolewi kombe. Wapandaji hugawanywa kwa makundi kulingana na uzoefu wao, na kila kundi huingia kwa zamu ya dakika ishirini hivi.

Hapo ndipo wengi hugundua jambo ambalo barabara haikuwaambia. Zamu ya kwanza inapita vizuri. Katika zamu ya pili mpandaji amechangamka, anafunga breki akiwa amechelewa zaidi, na mara anaona mkono wa breki ambao asubuhi ulikuwa mgumu kama jiwe sasa unaenda hadi karibu na vidole. Pikipiki haina ubaya wowote. Ilitengenezwa kwa ajili ya barabara, ambako breki hufungwa kwa nguvu mara moja moja. Uwanjani imetakiwa kufanya kwa dakika ishirini kazi ambayo huko barabarani hufanya kwa mwezi.

Mpandaji huyo akirudi nyumbani huanza kufikiria kuongeza nguvu ya breki. Aghalabu huanzia mahali pasipostahili. Huona kalipa za kupendeza zilizopakwa rangi ya dhahabu, akauliza bei, akajipinda kuzinunua. Mafundi wenye uzoefu husema kazi hii ina ngazi zake, na ngazi ya kwanza ndiyo ya bei rahisi kuliko zote.

NGAZI YA KWANZA: MAFUTA

Kati ya mkono wa breki na kalipa kuna mafuta maalumu. Mafuta hayo yana tabia moja njema: hayakubali kushindiliwa. Unapoyasukuma huku, yanasukuma kule, kwa kanuni iliyofafanuliwa na mtaalamu wa Kifaransa Blaise Pascal katika karne ya 17. Pistoni ndogo ya mkononi husukuma pistoni kubwa za kwenye kalipa, na nguvu ya vidole viwili huwa nguvu ya kubana chuma.

Lakini mafuta hayo yana tabia nyingine isiyo njema: hunywa maji kutoka hewani. Kila mwezi unaopita huvuta unyevu kidogo kidogo, na maji yanapokuwamo, mafuta huchemka mapema. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke, tofauti na mafuta, hukubali kushindiliwa. Mpandaji anabana mkono wa breki, lakini kumbe anabana mapovu. Haki ya kusimama imekwisha kupotea.

Viwango vya mafuta hayo vinajulikana. Daraja la DOT 3 likiwa jipya halipaswi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. DOT 4 kabla ya nyuzi 230. Na DOT 5.1 kabla ya nyuzi 260. Yakishavuta unyevu, viwango hivyo hushuka hadi nyuzi 140, 155 na 180. Tazama tofauti hiyo, ndugu msomaji. Mafuta mazuri yaliyozeeka huchemka mapema kuliko mafuta duni yaliyo mapya. Na liko daraja jingine, DOT 5, ambalo ni la silikoni; hilo halichanganywi na hayo mengine kabisa, ijapokuwa jina lake linafanana nayo.

Basi ngazi ya kwanza kwa anayekwenda uwanjani ni kumwaga mafuta ya zamani, kutia mapya ya daraja linalokubaliwa na mtengenezaji wa pikipiki, na kutoa hewa yote. Fundi hufungua nipeli ya kalipa huku mwenzake akibana mkono wa breki, mafuta na mapovu hutoka, nipeli hufungwa kabla mkono haujaachiwa, na kazi hurudiwa hadi pasitoke povu hata moja. Kopo la mafuta likikaa wazi wiki kadhaa halifai tena, hata kama limejaa. Tena mafuta hayo huila rangi; tone likianguka juu ya tangi lioshwe mara moja kwa maji.

NGAZI YA PILI: VIPANDE VYA BREKI

Ngazi ya pili ni vipande vinavyoibana diski, ambavyo mafundi wetu huviita pedi. Kila pedi imetengenezwa kwa mchanganyiko wake, na kila mchanganyiko una kiwango chake cha joto. Pedi za barabarani hushika vyema zikiwa baridi, lakini zikipata moto mwingi uso wake hung'aa kama kioo na kuanza kuteleza. Pedi za uwanjani hustahimili moto huo, lakini baadhi yake zikiwa baridi ni wavivu. Mtu asiyeelewa hilo hufunga pedi za mashindano, akaenda nazo sokoni, akashangaa kwamba zinashika vibaya kuliko zile alizozitoa.

Pedi mpya haziaminiki siku ya kwanza. Hutakiwa kuzoeshwa kwa diski: mpandaji hupunguza mwendo mara kadhaa, kwanza kwa upole, kisha kwa nguvu zaidi, bila kusimama kabisa, mpaka nyuso mbili zile zilingane. Ni kama kiatu kipya. Haivaliwi siku ya safari ndefu. Tena pedi haiguswi kwa mkono wenye grisi. Pedi iliyoingiwa na mafuta au grisi haina dawa ila kutupwa.

Anayekwenda uwanjani hazisubiri pedi zake ziishe kama anavyosubiri mtu wa barabarani. Pedi nene ni kinga. Huzuia joto la diski lisifike upesi kwenye pistoni na mafuta. Ikiwa nyembamba, moto hupita kama unavyopita katika soli ya kandambili iliyokwisha.

NGAZI YA TATU: MIPIRA, DISKI NA KALIPA

Mafuta husafiri ndani ya mipira. Mpira uliozeeka hutanuka kidogo kila unaposukumwa na mafuta, na sehemu ya nguvu ya vidole huishia katika kuvimbisha mpira. Ndiyo maana wapandaji wengi wa uwanjani huibadilisha mipira hiyo wakafunga mirija iliyozungushiwa nyuzi za chuma zilizosukwa. Haiongezi nguvu ya breki kama wengine wanavyodai, huongeza uhakika. Mkono huwa mgumu, na vidole hupata habari sahihi za kinachotendeka katika gurudumu. Ila mirija hiyo ipimwe urefu vizuri, usukani ukizungushwa kulia na kushoto isivutike wala isikwaruzane na tairi.

Diski nazo zina unene wa mwisho ambao aghalabu huchorwa juu yake na mtengenezaji. Diski iliyoliwa chini ya kipimo hicho haina pa kuliweka joto. Hupata moto upesi, hupinda, na mkono wa breki huanza kutetemeka. Hiyo haichongwi ikatumika tena, hubadilishwa.

Baada ya hayo yote ndipo mtu aulizie masta silinda na kalipa nyingine. Na hapa iko hesabu inayowaponza wengi. Masta silinda yenye pistoni kubwa huufanya mkono uwe mgumu, na mtu hudhani amepata nguvu, kumbe nguvu imepungua; yenye pistoni ndogo huongeza nguvu lakini mkono huenda mbali zaidi. Vipimo vya masta silinda na vya kalipa ni mume na mke. Ukimwoza mmoja pasipo kumjua mwenzake, nyumba haikai. Fundi asiyeijua hesabu hiyo afadhali aviache vile alivyoviweka mtengenezaji.

TAIRI NDILO LISIMAMISHALO

Hadi hapa msomaji anaweza kudhani kwamba mwenye breki kali kuliko wote ndiye salama kuliko wote. Sivyo. Breki husimamisha gurudumu. Kinachosimamisha pikipiki ni tairi kuing'ang'ania lami. Eneo ambalo tairi hugusa ardhi halizidi sana kiganja cha mkono. Ukiwa na breki kali na tairi lililokwisha, umejinunulia njia ya haraka ya kuanguka.

Pikipiki inapofungwa breki, uzito wote huegemea mbele. Shokapu za mbele huzama, gurudumu la nyuma huwa jepesi, na breki kali ikibanwa sawasawa huliinua kabisa kutoka ardhini. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya kazi hufanywa na breki ya mbele, na wale wanaoiogopa wakategemea ya mguu peke yake wanajinyima zaidi ya nusu ya haki yao. Lakini kuna namna ya kuibana. Ukiikwapua ghafla, gurudumu hufungwa kabla uzito haujafika mbele, tairi likateleza, ukaanguka. Ukianza kwa upole, ukaupa uzito nafasi ya kuegemea, kisha ukaongeza nguvu, tairi hujibana katika lami na kukubali zaidi na zaidi. Wakufunzi wa uwanjani huwafundisha wanafunzi wao waukamue mkono wa breki kama mtu anayekamua chungwa asilotaka kulipasua, wamalize kazi kubwa pikipiki ikiwa imesimama wima, na wauachie taratibu wanapoanza kulala katika kona.

Sayansi nayo imeleta msaada. Mwaka 1988 kampuni ya BMW ya Ujerumani ilianza kuuza pikipiki ya K100 ikiwa na chombo cha umeme kinachozuia gurudumu lisifungwe. Leo chombo hicho, kwa jina la ABS, ni lazima kisheria kwa pikipiki mpya zenye injini inayozidi sentimita za ujazo 125 katika nchi za Umoja wa Ulaya, na vilevile nchini India tangu mwaka 2019. Chombo hicho humlinda mtu aliyekwapua mkono kwa hofu. Hakiwezi kumlinda aliyeacha mafuta yazeeke, wala aliyevaa tairi kipara, kwa maana hakitengenezi mng'ang'anio usiokuwapo.

NA HAPA KWETU?

Msomaji atasema: sisi hatuna uwanja wa Spielberg. Ni kweli. Lakini tunayo mitaa, na tunazo bodaboda. Tangu serikali ilipotunga kanuni za kuzipa leseni ya kubeba abiria mwaka 2010, pikipiki ndogo za sentimita za ujazo 100 hadi 150, nyingi zikitoka India na China, zimekuwa miguu ya familia nyingi za mijini. Humpeleka mama hospitali usiku, humpeleka mtoto shule, hufikisha unga dukani. Nyingi zina breki za ngoma nyuma, na si chache zina ngoma hata mbele, zikivutwa kwa waya.

Sheria ya joto ni ile ile. Pikipiki ya kilo 120 pamoja na dereva wa kilo 70 ni kilo 190. Akipakia mshikaki, yaani abiria wawili wa uzito kama wake, zinakuwa kilo 330. Breki ni zile zile, lakini kazi yake imeongezeka kwa zaidi ya theluthi mbili. Mteremko mrefu ukichanganyika na mzigo huo, ngoma huanza kutanuka kama tulivyoeleza, na dereva huuona mkono ukimkimbia. Dawa yake ni kushuka kwa gia ya chini ili injini isaidie kuzuia, na kuibana breki kwa vipindi badala ya kuiegemea tangu juu hadi chini.

Wala haihitajiki fedha ya uwanjani ili mtu awe na breki njema. Kwa dereva, na hata kwa mzazi ambaye kijana wake amepata pikipiki ya kwanza, mambo yafuatayo yanaweza kutazamwa kila wiki bila kulipa hata senti.

Kwanza, ubane mkono wa breki pikipiki ikiwa imesimama. Ukigusa mshikio, au ukiwa laini kama sifongo, chombo hicho kisiondoke.

Pili, kama breki ni ya diski, tazama kikopo cha mafuta. Yakiwa chini ya mstari au yamegeuka rangi ya chai ya rangi, muone fundi. Yakiwa yanapungua kila mara, pedi zinaliwa au pana mahali panapovuja.

Tatu, kama breki ni ya ngoma, tazama waya kama nyuzi zake zimeanza kukatika, na tazama alama iliyo penye mkono mdogo wa breki pale gurudumuni. Pikipiki nyingi zina mshale unaoonyesha kwamba viatu vimekwisha. Kukaza nati peke yake hakurudishi kiatu kilichoisha.

Nne, tazama tairi la mbele kwa makini kuliko la nyuma, maana hilo ndilo litakalokusimamisha.

Tano, usinunue kipande cha breki kwa sababu ni rahisi tu. Kipande cha bandia hufanana na cha kweli kwa rangi na kwa umbo. Tofauti yake huonekana siku moja, na siku hiyo huwa umechelewa.

Nilimjibu kijana wangu hivi: pikipiki ile haikukosa breki kwa ghafla. Ilikosa kidogo kidogo, joto juu ya joto, na dalili zilikuwapo. Mpandaji alizihisi mkononi mwake, akaendelea na mbio akitumaini zitakwisha zenyewe. Lilikuwa jambo la kibinadamu, na mashindano hayampi mtu nafasi ya kuegesha kando. Yeye alikuwa amevaa ngozi tangu shingoni hadi miguuni, kofia ngumu kichwani, na mbele yake palikuwa na ukuta wa hewa. Alitoka salama. Mashindano yalianza upya kwa mizunguko 12, na katika kona ya mwisho Mreno Miguel Oliveira aliwapita Jack Miller na Pol Espargaró, akapata ushindi wake wa kwanza wa MotoGP.

Barabarani kwetu hakuna ukuta wa hewa. Kuna mtaro, kuna nguzo ya umeme, na kuna basi linalokuja. Lakini kuna jambo moja tulilo nalo ambalo Viñales hakuwa nalo siku ile: ruhusa ya kusimama. Mkono wa breki ukilegea, hakuna bendera inayotudai wala kombe linalotungoja. Egesha kando, chombo kipoe, mwite fundi. Abiria atakasirika, nawe utakosa nauli ya safari moja.

Kijana alinyamaza kidogo, kisha akachukua tochi akatoka nje. Kupitia dirishani nilimwona amechuchumaa kando ya pikipiki ya mjomba wake, akikimulika kikopo cha mafuta. Aliporudi alisema, "Baba, yamekuwa rangi ya chai." Kesho yake asubuhi mjomba alikwenda kazini kwa basi.